Chakula kinamkwama mama kifuani: tusubiri kidonge chenye kamera, au aende akameze mpira?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Kibosho, mimi nipo Arusha. Tangu kabla ya Pasaka analalamika kwamba ugali unamkwama kifuani. Alianza kwa kuushushia na maji, baadaye akaacha nyama, na sasa anakula mtori na uji tu. Nguo zinampwaya. Zahanati walimpima damu wakasema ana bakteria wa vidonda vya tumbo, akapewa dozi na omeprazole. Kiungulia kilipungua ila kukwama hakukuisha. Jirani anasema ni kimeo, kikatwe. Hospitali ya wilaya wamemwandikia rufaa akafanyiwe endoskopi, lakini mama hataki. Amesikia kwamba ule mpira unapitisha magonjwa ya watu wengine, na kwamba kansa ikichokonolewa inasambaa. Kaka yangu aliyeko Dar amesoma kuwa siku hizi kuna kidonge chenye kamera, unameza tu, na kuna mashine za akili bandia. Anasema tutafute hela tumpeleke India kuliko kumtesa hapa. Tufanyeje?"*

Marahaba, mwanangu. Natanguliza jibu ili usilitafute katikati ya maelezo: mama aende akafanyiwe kipimo alichoandikiwa, yaani endoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, hapa hapa Moshi, wiki hii ikiwezekana. Msisubiri kidonge chenye kamera, wala msisubiri nauli ya India. Yanayofuata ni sababu zake. Nimeandika kwa kirefu kwa kuwa mama anakataa kwa hofu, na mtu mzima haachi hofu yake kwa kuamriwa.

Katika maelezo yako, kilichonishtua si bakteria wala kiungulia. Ni mpangilio wenyewe: kwanza ugali, kisha nyama, sasa mtori na uji. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni mrija wa misuli wenye urefu wa kama sentimita 25, na ukuta wake unatanuka. Kwa sababu unatanuka, kitu kinaweza kuota ndani yake kwa miezi mingi bila mtu kuhisi chochote. Tonge likifika, ukuta unatanuka, linapita. Kukwama huanza pale upenyo unapokuwa umebaki milimita 13 hivi au pungufu. Kwa hiyo siku mama aliposhushia ugali na maji kwa mara ya kwanza, tatizo lilikwishakuwa na umri wake. Vyakula vigumu vikitangulia kukwama, kisha vikafuata vilaini, tunafikiria kitu kinachobana njia na kinachozidi kubana. Tatizo lingekuwa la misuli isiyolegea, mara nyingi maji na ugali vingesumbua pamoja tangu mwanzo. Ukiongeza na kupungua mwili, huo si mpangilio wa kusema tumpe dawa mwezi mmoja tuone.

Sisemi kwamba ni kansa. Sijamwona mama, na barua haiwezi kutaja jina la ugonjwa. Umio hubanwa na kovu lililoachwa na asidi ya miaka mingi. Hubanwa na uvimbe ulio nje yake. Kuna fangasi wa umio, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Kuna ugonjwa uitwao akalasia, ambapo mlango wa chini wa umio haufunguki inavyotakiwa. Kovu linaweza kutanuliwa kupitia mpira huohuo, fangasi hutibiwa kwa vidonge, na akalasia ina tiba kadhaa. Lakini sitakuficha: kuna ukanda wa kansa ya umio unaoshuka mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Kilimanjaro imo ndani yake. Kwa umri wa mama, kwa mpangilio wa dalili zake na kwa mkoa anaoishi, hicho ndicho kitu cha kwanza kutafutwa. Kikipatikana mapema, njia za kutibu ni nyingi zaidi. Ndiyo maana nahesabu wiki.

Sasa hao bakteria. Wanaitwa *Helicobacter pylori*, na waliowagundua, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Wanasababisha vidonda vya tumbo kweli. Lakini kipimo cha damu kinaonyesha askari wa mwili waliotengenezwa dhidi yao, na askari hao hubaki kwenye damu muda mrefu hata bakteria wakiisha. Isitoshe, watu wazima wengi sana Afrika wanao bakteria hawa tumboni na hawaumwi. Majibu chanya kwa hiyo hayaelezi kwa nini ugali unakwama kifuani. Siwalaumu zahanati: kwa kiungulia peke yake, dozi ni hatua ya kawaida. Ila mtu akishasema chakula kinakwama, dozi haitoshi tena. Na muwe macho na nafuu ya omeprazole. Dawa hii inazima asidi, na asidi ikizimwa hata kidonda chenye kansa kinaweza kutulia juujuu kwa wiki kadhaa, maumivu yakapungua na familia ikashusha pumzi. Kiungulia kupungua kusiwatulize.

Kimeo hakihusiki kabisa. Kipo nyuma ya kinywa. Mama anakwama kifuani. Kukikata hakutafungua chochote huko chini, na wembe wa mtaani unaleta kutokwa damu na maambukizi. Mkatalieni jirani kwa heshima, lakini mkatalieni.

Hofu ya mpira kupitisha magonjwa ina chanzo cha kweli, na nitakieleza ili mama asione nampuuza. Marekani, kati ya mwaka 2013 na 2015, wagonjwa katika hospitali kadhaa waliambukizwa bakteria sugu kupitia aina moja ya mpira unaotumika kufikia njia ya nyongo. Aina hiyo ina kifaa kidogo cha kunyanyuka kwenye ncha yake, na nyuma ya kifaa hicho uchafu hujificha brashi isifike. Baada ya hapo watengenezaji walitoa mipira yenye ncha ya kutupwa, na mingine ya kutumika mara moja tu. Mpira atakaoingiziwa mama si huo. Ule wa kuangalia umio na tumbo una ncha rahisi zaidi kusafishika. Baada ya kila mgonjwa husuguliwa kwa brashi ndani na nje kwa sabuni maalumu, ukalowekwa kwenye dawa kali ya kuua vijidudu kwa muda uliopangwa, ukasuuzwa, ukakaushwa na kutundikwa. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havihimili dawa hiyo. Mna haki ya kumuuliza muuguzi wa chumba cha endoskopi: mpira huu umesafishwaje, umelowekwa muda gani? Muuguzi anayeijua kazi yake atawajibu bila kuchukia, na mama atapata amani kuliko ningemhubiria mimi.

Kuhusu kansa kusambaa ikichokonolewa. Kipande tunachochukua ni cha milimita mbili au tatu, na tukishuku kansa ya umio tunachukua sita au zaidi ili tusikose. Kansa haisambai kwa sababu ya kipande hicho. Inasambaa kwa tabia yake yenyewe, kwa kupenya ukuta na kuingia kwenye mishipa ya limfu na ya damu, na inafanya hivyo iguswe isiguswe. Kilichozaa imani hii nakijua. Wagonjwa wetu wengi wanafika wakiwa wameshindwa hata kumeza maji, wanapimwa, na baada ya miezi michache wanafariki. Kijijini wanakumbuka kwamba alikuwa anatembea mpaka siku alipopimwa. Hawakumbuki miezi minane ya mtori iliyotangulia.

Sasa nije kwa kaka yako, maana aliyoyasoma ni ya kweli, ila hayamhusu mama kama anavyodhani.

Kidonge chenye kamera kiliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2001. Kina urefu wa milimita 26 na unene wa milimita 11. Kazi kinayoifanya vizuri kuliko kifaa kingine ni kuangalia utumbo mwembamba, mita kadhaa ambazo mpira wa kawaida haufiki. Kwenye umio kinapita kwa sekunde chache. Hakichukui kipande cha nyama. Na kwa mtu ambaye njia yake imebanwa kiasi cha kushindwa ugali, kidonge kinaweza kukwama palepale, akahitaji mpira ule ule aliokuwa anaukimbia ili kukitoa. Kwa mama kingekuwa hatari, hata kama kingetolewa bure. Huko Uingereza kuna pia kidonge kilichofungwa uzi: kikifika tumboni kinafunguka na kuwa sponji, kinavutwa juu na kukusanya chembechembe za ukuta wa umio. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba kinasaidia kuwagundua, miongoni mwa watu wenye kiungulia cha muda mrefu, wale ambao ukuta wa umio umeanza kubadilika. Naupenda sana mwelekeo huo. Lakini ni chujio la kuwapata wanaohitaji kipimo kamili miongoni mwa watu ambao hawajaanza kukwama. Mama ameshapita hapo.

Akili bandia nayo imefanya makubwa, hasa kwenye utumbo mpana. Kompyuta inaangalia picha pamoja na daktari na kuzungushia alama vinyama vidogo ambavyo baadaye vingeweza kuwa kansa. Katika utafiti mmoja wa China uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, vinyama vya aina hiyo vilionekana kwa asilimia 29 ya waliopimwa kwa msaada wa kompyuta, dhidi ya asilimia 20 ya waliopimwa bila hiyo. Mwaka 2025 ukatoka utafiti wa Poland unaofikirisha: madaktari waliozoea msaada huo, walipofanya kipimo bila kompyuta, uwezo wao wa kuviona ulishuka kutoka asilimia 28 hadi 22. Kwa hiyo tunajifunza bado. Na kwa mama swali lenyewe ni tofauti. Uvimbe unaoziba njia hauhitaji kompyuta ili uonekane. Unahitaji kipande cha nyama, na mtaalamu wa patholojia wa kukisoma.

Basi ni maendeleo gani yanayotugusa sisi wa huku? Nikichagua, la kwanza ni la bei ndogo kabisa: ayodini. Tukiinyunyiza kwenye umio, ukuta wenye afya unakuwa wa kahawia kwa sababu chembe zake zina akiba ya sukari, na sehemu iliyoanza kuharibika inabaki ya manjano kwa kuwa akiba hiyo imekwisha. Jirani zetu wa Bomet, Kenya, waliwapima kwa njia hiyo watu wasio na dalili yoyote, na takriban mmoja kati ya saba alikutwa na mabadiliko hayo. Kuna pia taa ya kisasa ndani ya mpira, inayotumia mwanga wa buluu na wa kijani tu ili mishipa midogo ya damu ijitokeze, na mishipa iliyojipinda vibaya inamwonyesha daktari mahali pa kuchukua kipande. La pili limetoka Japani: kansa ikiwa bado iko kwenye ngozi ya juu ya umio, daktari anaweza kuichuna yote kupitia mpira bila kufungua kifua. Huko huko Japani, tangu mwaka 2008, wameanza kuikata kwa ndani misuli iliyokaza ya wagonjwa wa akalasia, nayo bila kisu cha nje. La tatu ni stenti, mrija wa waya unaojitanua, na nitaurudia chini kwa sababu ndio ambao nimeona ukiwarudishia watu wengi mlo.

Ukiangalia vizuri, karibu yote hayo yanafanyika kupitia mpira. Hakuna njia ya mkato inayoupita.

India ni uamuzi wa baadaye, kama utahitajika. Mkienda leo, kitu cha kwanza watakachofanya ni endoskopi na biopsi, yaani kuchukua kile kipande cha nyama, vilevile vinavyofanyika KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi. Mtakuwa mmetumia miezi kutafuta hela, pasipoti na viza huku mama akizidi kukonda, na mgonjwa aliyekonda sana anaweza kunyimwa hata upasuaji ambao angeuweza leo. Pimeni hapa, mshike majibu mkononi, ndipo kaka yako awe na kitu cha kuwaonyesha madaktari wa kokote. Huko Arusha pia kuna hospitali zinazofanya kipimo hiki. Kama ni rahisi mama akae kwako, piga simu kwanza uulize siku za kliniki.

Msomee mama sehemu hii. Siku moja kabla atakula vya majimaji tu, kwa sababu kwa mtu anayekwamwa chakula cha jana kinaweza kuwa bado kimekaa juu ya kizuizi. Usiku hadi asubuhi hatakula kitu. Dawa za presha kwa kawaida hunywewa asubuhi na maji kidogo. Kama anatumia dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda, ulizeni kabla ya siku hiyo. Atapuliziwa ganzi kooni, atalala kwa ubavu wa kushoto, atang'ata kipete cha plastiki. Anaweza kuchomwa dawa ya kumtuliza. Asione haya kuiomba. Mpira una unene wa chini kidogo ya sentimita moja, unapita njia ya chakula, na njia ya hewa inabaki wazi. Atapumua muda wote. Kichefuchefu kitakuwepo, machozi yatatoka, na kwa kawaida baada ya dakika 5 hadi 10 wanamaliza. Koo litakwaruza siku moja hivi. Ajali ya kutoboa umio kwa kipimo cha kuangalia tu ni nadra sana, chini ya mtu mmoja kwa kila 1,000. Hatari inaongezeka kidogo kama daktari atatanua mahali palipobana, na atawaeleza kabla. Mwambie pia mama jambo hili: daktari aliyebuni mpira unaopindika, Basil Hirschowitz, aliumeza yeye mwenyewe mwaka 1957 kabla ya kumwingizia mgonjwa.

Wakikuta kansa, atahitaji picha ya CT ili kujua imefika wapi. Ikiwa ndogo na mwili una nguvu, upasuaji unajadiliwa. Mionzi na dawa za kansa vinaweza kutolewa pamoja. Kwa mionzi, Ocean Road jijini Dar es Salaam ndiyo hospitali yetu ya siku nyingi. Ikiwa imesambaa, tiba haitakuwa ya kuiondoa, na hapo ndipo stenti inapoingia: inapitishwa ikiwa imekunjwa, inatanuka mahali palipobana, na mara nyingi kesho yake mgonjwa anameza uji na mtori bila kukwama. Haiponyi kansa. Inaweza kuuma kifuani siku za mwanzo, inaweza kuhama, na uvimbe unaweza kuota ukaiziba tena. Hata hivyo nimewaona wazee wakirudi kukaa mezani na wajukuu zao kwa sababu yake, na kwangu hilo si jambo dogo. Na majibu yakija, mama ayasikie. Ni mwili wake. Kumficha kunamfanya abebe peke yake jambo ambalo tayari analihisi.

Wakati mnasubiri siku ya kipimo, mlisheni kidogo kidogo mara nyingi: uji wenye maziwa na siagi ya karanga, mtori uliosagwa vizuri, parachichi lililopondwa. Ale ameketi wima. Asilazimishe tonge kwa kulisukuma na maji. Na chai muiache ipoe. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro ulikuta watu wakinywa chai ya maziwa ikiwa na joto la karibu nyuzi 70, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha kansa ya umio. Hilo ni kwa ajili yako na watoto pia, maana hamjaanza kukwama.

Msisubiri tarehe ya rufaa, mkimbilieni hospitali siku hiyohiyo kama hata mate au maji yanarudi, kama anapaliwa na kukohoa kila akinywa, kama anatapika damu au kupata choo cheusi cha kunata, au ana homa na anahema kwa shida. Vilevile baada ya kipimo: maumivu makali ya kifua, shingo kuvimba au homa, mrudisheni palepale bila kusubiri asubuhi.

Siku ya kipimo chukueni barua ya rufaa, kadi ya bima kama anayo, majibu ya zahanati na makasha ya dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba. Aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, kwani akipewa dawa ya kutuliza hataruhusiwa kuondoka peke yake. Daktari aambiwe yale yale uliyoniandikia, kwa mpangilio ule ule: ugali, nyama, mtori. Na msiondoke kabla hamjaandikiwa tarehe ya kurudi kuchukua majibu ya vipande, na kabla namba yako ya simu haijaandikwa kwenye faili la mama.